Gitaa la Rangi ya Chai

Jumatatu, 3 Machi

Jana sikuandika. Nilikuwa na hasira, na nikiandika na hasira huja kujionea haya nikisoma.

Ni hivi. Kwenye harusi ya Jumamosi nilipiga gitaa saa tatu nzima na hakuna aliyenisikia. Hata mimi sikujisikia. Tangu kundi linunue zile ngoma mpya na kinanda, gitaa langu kavu, lisilo na waya wala umeme, limekuwa kama mtu anayenong'ona sokoni. Wakisogeza maikrofoni karibu, inapiga mluzi. Wakiisogeza mbali — basi, nakipigia kifua changu tu.

Baada ya shughuli Kapteni akaniita kando. Kapteni ndiye kiongozi wa kundi, tena ni kaka mkubwa wa mume wangu. Akitaka kuniambia jambo baya huanza na "shemeji". Akaanza na shemeji. Akasema kundi linakua. Tarehe 29 tuna harusi kwenye ukumbi mkubwa, watu mia nne, na gitaa kavu halitafika hata meza ya tatu. Nitafute la umeme. Nisipopata, nipumzike kidogo.

Nipumzike! Mimi niliyekuwepo kabla kundi halijapata jina. Miaka ishirini na sita ya vidole vyenye sugu.

Halafu akanipa kikaratasi chenye jina la duka la vyombo vya muziki. Sikumwomba. Kwa nini alikuwa nacho tayari mfukoni?

Jumatano, 5 Machi

Nilitoka kazini, pale kituo cha kupokea maziwa, saa saba, nikabadili koti, nikaenda kwenye lile duka. Duka baridi kama chumba chetu cha maziwa. Magitaa yamening'inia ukutani, yote yanang'aa, na mimi kitu kinachong'aa sana sikiamini. Maziwa yanayong'aa yametiwa kitu.

Muuzaji ni kijana wa miaka thelathini hivi, ana ndevu zilizochongwa. Nilipomtajia Kapteni akatabasamu. Nimeandika hapa kwamba alitabasamu. Akachukua gitaa jekundu, akalichomeka kwenye amplifaya kubwa, akapiga. Sauti ikajaa duka zima, mwangwi juu ya mwangwi. Nikamwambia azime hayo mapambo yote, nisikie gitaa lenyewe. Akazima. Gitaa lenyewe likabaki dogo, kavu, kama mtu aliyevuliwa koti la kuazima.

Nikalichomoa waya, nikaligonga mbao kwa kifundo cha kidole, nikaweka sikio mgongoni mwake. Ndivyo baba alivyonifundisha kuchagua gitaa. Muuzaji akacheka, akasema, mama, hili halina tumbo, utasikia nini huko? Akasema sauti haitoki kwenye mbao, inatoka kwenye sumaku hizi zilizo chini ya nyuzi. Inawezekana. Lakini kila muuzaji ana sababu ya kukuzuia usigonge.

Bei: mshahara wangu wa miezi miwili na nusu. Nilitoka bila kuaga vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Leo kituoni nimerudisha madebe manne. Mwenye madebe alikuwa amevaa shati safi na aliniita "mama mzazi". Laktomita, kile kipimo cha kioo kinachoelea kwenye maziwa, ilizama mpaka shingoni — maji tupu. Akaapa ni ng'ombe wake amekunywa maji mengi kwa sababu ya joto. Foleni nzima ikacheka. Mmoja nyuma akasema basi ng'ombe huyo akamuliwe bombani.

Miaka kumi na tisa napima maziwa ya watu. Nimejifunza jambo moja tu: anayesema "niamini" mpime mara mbili.

Mwenzangu wa chumba cha baridi amesema fundi wa spika ana gitaa la umeme la mtumba analiuza. Fundi huyo namjua kwa sura. Ndiye tunayemkodi kwenye shughuli aje kuangalia spika na nyaya zetu. Mrefu, miwani yake imefungwa kwa waya sikioni. Hasemi sana. Sijui kama hiyo ni sifa.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa fundi baada ya chakula cha mchana. Kibanda chake ni chumba kimoja, spika zimepangwa hadi darini, nyingine hazina nyuso. Harufu ya risasi ya kuchomelea. Lakini meza ni safi, kila bisibisi mahali pake. Nililitazama sana hilo la bisibisi.

Gitaa lina rangi ya chai iliyokolea. Pembeni limebanduka rangi, pana kama ukucha. Na hapo ndipo aliponishangaza: kabla sijauliza akanitajia ubovu wake wote. Swichi inakwaruza. Ufunguo mmoja wa kukazia uzi umelegea. Limewahi kuanguka.

Muuzaji anayetaja kasoro! Kituoni tunawajua. Analeta debe moja lililochacha, analionyesha mwenyewe, uso wa huruma, ili yale matatu mengine uyapokee bila kupima.

Kwa hiyo nikapima. Nililaza jicho moja kwenye shingo kuona kama imepinda. Haijapinda. Nikabonyeza kila uzi kwenye kila kituo cha shingo, nyuzi sita, vituo ishirini na moja, nikaandika panapokwaruza. Fundi alikunywa chai, akamaliza, akajaza nyingine. Mwishowe akasema:

"Dada, unanunua gitaa au unaliandikisha jeshini?"

Sikucheka mbele yake. Nimecheka njiani.

Likichomekwa lina sauti nzuri. Pana, ya joto. Ila ni kwenye amplifaya yake mwenyewe, kubwa kama kabati, na hilo nimelitia akilini. Bei ni nusu ya mshahara. Rahisi mno. Nikauliza kwa nini. Akasema kwa sababu yeye hapigi gitaa, na kitu kisichopigwa kinamsikitisha. Jibu zuri kupita kiasi.

Nililipa nusu, nikaliacha atengeneze swichi na ufunguo. Alipotoka nje kupokea simu nikafanya jambo ambalo sitamwambia mtu. Mkobani nina kichupa cha rangi ya kucha. Kazini hatupaki kucha, nakitumia kutilia alama funguo za kituo. Nikaweka nukta moja juu ya kila skrubu. Za kibao cha swichi, za sumaku, za shingo. Ndogo, huwezi kuziona usipojua. Madebe tunayafunga kwa lakiri. Kwa nini gitaa lisifungwe?

Ijumaa, 14 Machi

Nimelichukua. Swichi kimya sasa, ufunguo umekaza. Nilipiga wimbo mmoja pale kibandani, na muuza vocha wa jirani akaja kusimama mlangoni. Nikasikia uso wangu umepata moto. Nikajiambia: tulia, mnunuzi mwenye furaha ndiye anayeibiwa.

Fundi alianza kunieleza mambo mengine aliyoyafanya. Nikamkatiza, nikasema nina haraka. Mtu akianza kuorodhesha kazi, mwisho wa orodha kuna nyongeza ya bei. Nikalipa iliyobaki, nikaondoka.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeibiwa.

Niandike kwa mpangilio. Asubuhi niliona nyuzi alizoziweka ni nyembamba mno, kama uzi wa cherehani. Zinakata vidole na haziniitikii. Nikazitoa, nikaweka nyuzi zangu za shaba, zilezile ninazonunua tangu nilipokuwa msichana. Mkono ukatulia. Nikaazima kwa kundi ile amplifaya ndogo, nikachomeka.

Nyuzi tatu nyembamba zinapiga kelele. Nyuzi tatu nene zinaguguna. Uzi wa sita, ule mnene kuliko zote, ambao kwenye gitaa langu la kale hutikisa glasi mezani — hapa unasikika kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Nikaongeza sauti. Nyembamba zikazidi kupiga kelele, nene zikabaki zikiguguna.

Nikakumbuka nukta. Nikachukua miwani na tochi ya simu. Za kibao cha swichi zimevunjika, sawa, ndipo alipotengeneza. Za shingo ni nzima. Za sumaku — zimevunjika zote. Swichi iko huku, sumaku ziko kule. Alitaka nini kwenye sumaku?

Ametoa nzuri, akaweka mbovu. Na kibandani sikugundua kwa sababu ya ile amplifaya yake ya kabati.

Nakiri kwamba ndani ya hasira kulikuwa na kitu kama raha. Nilijua. Nilijua tangu mwanzo.

Jumatatu, 17 Machi

Nilimwambia mume wangu jana. Alikuwa anapiga pasi mashati yake ya wiki. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema nimpigie fundi simu, nimuulize. Nikamwambia mwizi haulizwi. Akageuza shati. Akasema, "Bi Kipimo, hata mimi ulinipima miaka miwili kabla ya kunipokea. Huyu umempa siku moja."

Maneno hayajamwisha mdomoni, Kapteni akaingia. Huja kila Jumapili jioni kula na mdogo wake. Akauliza nyuso ni za nini. Nikamwambia kwa sentensi moja. Fundi wa spika kanibadilishia sumaku.

Alifurahi. Alificha, lakini nimezoea kusoma nyuso za watu wanaposubiri kipimo. Akasema siku zote alimtilia shaka. Siku zote? Ndiye aliyekuwa anamkodi.

Jumatano, 19 Machi

Mazoezi. Kapteni alisimama mbele ya kundi, akatangaza kwamba tarehe 29 fundi hatakuwepo. Amepata mtu mwingine, ana spika zake mwenyewe. Akasema ni shemeji yake ndiye aliyegundua wizi, bila jicho la shemeji tungeendelea kulishwa majani. Wakanipigia makofi. Mpiga ngoma akasema sasa tunajua kwa nini spika zilikuwa zinakoroma. Mpiga besi akasema kasikia fundi huyohuyo aliuza spika za watu wengine. Mwimbaji akasema aliwahi kumbadilishia betri ya simu.

Mimi nilisema sumaku. Sikusema spika, sikusema betri. Nilitaka kusema hivyo. Nikakaa kimya, kwa sababu walikuwa wananipigia makofi.

Kuhusu gitaa, Kapteni amesema nisijali, niende lile duka niazime moja kwa siku ile, na kiti changu kiko palepale. Baadaye nikajua mtu wa spika mpya ni binamu ya mke wake. Kumbe. Kikaratasi cha duka mfukoni, binamu tayari na spika. Na mimi nimempa sababu aliyokuwa anaitafuta, nimemfungia na utepe.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika polepole.

Nilitaka ushahidi. Nilipeleka gitaa kwenye lile duka, nimwombe muuzaji aandike kwamba sumaku ni mbovu. Nilitaka karatasi ya kumwonyesha fundi ili anirudishie pesa. Nilikuwa nimeshaandaa na bahasha.

Yule wa ndevu akalipokea, akalichomeka, akapiga nyuzi zote mara moja. Akaweka uso karibu na nyuzi. Akauliza nani ameweka hizi.

Nikasema mimi.

Hakucheka, na ningependa angecheka. Akachukua sumaku ndogo ya kwenye droo yake na vipande viwili vya uzi wa zamani, kimoja cha gitaa la umeme, kimoja cha shaba kama zangu. Kile cha kwanza kikarukia sumaku. Cha shaba kikajivuta kivivu, kikadondoka. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mama yake. Gitaa kavu linatoa sauti kwa mbao, kwa hiyo shaba ni nzuri. La umeme halisikii mbao, sumaku yake inasikia chuma tu. Nyuzi zangu tatu nyembamba ni chuma kitupu, ndiyo maana zilipiga kelele. Tatu nene zimezungushiwa shaba, na shaba kwa sumaku ni kama haipo. Akasema wapigaji wa siku nyingi wa gitaa kavu ndio wanaofanya kosa hili. Anayeanza leo hafanyi, kwa sababu hana nyuzi za kupenda.

Akafunga nyuzi za chuma, za bei ya chini. Akapiga. Uzi wa sita ukatikisa kioo cha kaunta.

"Hizi sumaku ni nzuri kuliko za haya yangu," akasema. "Aliyekuuzia hakujua thamani yake, au amekupenda bure."

Nilipomuuliza kuhusu Kapteni akasema hamjui Kapteni yeyote. Tabasamu la siku ile lilikuwa la biashara tu, kila mteja humtajia mtu.

Kila asubuhi kabla ya kupima debe la kwanza natumbukiza laktomita kwenye maji safi, niipime yenyewe kwanza. Miaka kumi na tisa. Sijawahi kuruka siku. Na hapa nilimpima mtu kwa nyuzi zangu mwenyewe na sikuwahi kujiuliza kuhusu nyuzi.

Bado kuna zile nukta za sumaku. Nimezishikilia hizo njia nzima. Alifungua sumaku kwa nini?

Jumanne, 25 Machi

Nimepiga tangu nilipotoka kazini mpaka jua kuzama. Linaimba. Mume wangu amesimama mlangoni na taulo begani, ameuliza kama mwizi amerudisha sumaku. Nimemwambia. Amekaa kitandani. Halafu akasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga anaweza kupiga deki.

Ijumaa, 28 Machi

Nilipanga kumwambia fundi ukweli saa nane. Nilifika saa nane kasoro dakika tano.

Alikuwa na mteja. Nikasubiri kwenye benchi. Mteja alipoondoka fundi akaniangalia juu ya miwani, akauliza gitaa linasemaje. Nikasema linasema vizuri. Akafurahi kweli. Akasema siku ile aliona napiga kwa vidole, taratibu, sipigi kwa nguvu kama vijana. Kwa hiyo alifungua skrubu za sumaku akazipandisha kidogo zisogelee nyuzi, zinisikie vizuri. Alitaka kuniambia lakini nilikuwa na haraka.

Hilo ndilo jibu la nukta. Kazi ya bure.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Mdomo ulikuwa wazi. Akawahi yeye. Akasema Kapteni wetu amempigia kwamba kesho hawamhitaji, hakutoa sababu. Na ukumbi mwingine nao umemtoa, na mchungaji mmoja pia ameahirisha kazi yake ya mwezi ujao. Kazi tatu ndani ya wiki moja. Akasema kuna mtu amemtia mdomoni, hajui ni nani wala kamkosea nini. "Dada, wewe unakaa nao. Hujasikia chochote?"

Nikasema sijasikia.

Halafu nikanunua fyuzi. Sina kifaa kinachotumia fyuzi ile. Akaifunga kwenye karatasi, akasema nisilipe, ni kitu kidogo. Nikaiweka mkobani.

Ninawashuku watu kwa kazi, nalipwa kwa hilo. Leo ningejiweka mwenyewe kwenye foleni ningejirudisha na madebe yangu yote.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi. Saa saba na robo mchana. Wageni wanaanza saa nane. Tumepangwa kuanza nao.

Spika za binamu zinavuma. Si kukoroma — kuvuma, kama mzinga wa nyuki, tangu saa nne asubuhi. Akigusa waya huu zinavuma zaidi, akigusa ule zinakata kabisa. Ameuliza mara mbili kama umeme wa ukumbi huu ni mzima. Sasa amekaa juu ya sanduku anatazama simu yake. Mama wa bwana harusi amekuja mara moja, ametazama tu. Kapteni jasho limelowesha kola.

Gitaa langu nililijaribu kwenye ile amplifaya ndogo ya kundi, pembeni. Wenzangu waligeuka. Mpiga besi akauliza ni la duka gani, nikajifanya nakaza uzi. Wote wanadhani nimeazima.

Saa saba na dakika kumi Kapteni ameingia humu. Ameanza na shemeji. Amesema hana la kufanya, fundi yule ndiye peke yake anayejua kutuliza mvumo huu. Yeye hawezi kumpigia, alishamwambia hamhitaji, uso auweke wapi? Nimpigie mimi. Mimi ni mteja wake, na isitoshe ana deni langu la sumaku. "Mwambie akija leo tutamsamehe," amesema.

Tutamsamehe.

Nimemwambia Kapteni aketi kwanza, kuna jambo. Amesema jambo litasubiri, piga simu. Nikasema basi aketi asikie. Amenitazama kama anavyonitazama mfugaji aliyeona laktomita inazama. Amefunga mlango. Nje mpiga ngoma anajaribu ngoma, dum, dum, na ule mvumo uko chini yake.

Simu nimeiweka mezani kando ya daftari, spika yake wazi ili Kapteni naye asikie, nisije nikageuza maneno katikati.

Kapteni amevuta kiti. Amekaa.

Nimebonyeza namba ya fundi. Inaita.